Kuchagua chambo bandia Kigoma msimu unapofunguliwa: kuhe, mgebuka na sangara

Mtu akiingia duka la zana za uvuvi kutafuta chambo bandia, jicho lake hukimbilia rangi. Atachukua chekundu kwa sababu kinavutia, au cha kijani chenye madoa kwa sababu kimechorwa vizuri. Kisha atakwenda nacho Bangwe, pwani ya Kigoma, atakirusha asubuhi nzima kwenye maji ya mita 20 huku chambo kikiogelea mita moja tu chini ya uso wa maji, na jioni atasema samaki hawapo. Samaki wapo, ila chambo hakikuwafikia.

Kwa Ziwa Tanganyika chambo huchaguliwa kwa mpangilio huu: kwanza kina, pili ukubwa, tatu mwendo, na rangi mwisho kabisa. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, linafika mita 1,470, na sehemu nyingi za pwani ya Kigoma hazina mteremko wa taratibu. Unasimama juu ya mwamba, unarusha mita 15 mbele, na tayari uko juu ya maji marefu. Ndiyo maana kina kinatangulia.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa. Tarehe za mwaka unaosoma haya uliza kwa afisa uvuvi wa halmashauri au kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) wa mwalo wako. Uliza hapo hapo habari ya leseni, kwa sababu kuvua kwa fimbo kwa kujifurahisha nako kuna leseni yake. Maji ya hifadhi za Gombe na Mahale yaache kabisa kama huna kibali.

Ziwa likifunguliwa katikati ya Agosti, hali huwa hivi: ni kiangazi, mito haileti tope, maji ni meupe kiasi kwamba mahali pengi unaona mawe mita kumi chini. Upepo wa kusi bado unavuma na mawimbi yake hupanda haraka. Maji meupe maana yake samaki anakiona chambo kutoka mbali, lakini pia anapata muda wa kukikagua na kukikataa. Nailoni nene na chambo kinachoyumba vibaya ambavyo vingepita wakati wa masika, Agosti havipiti.

Pima dagaa kwanza

Nenda Kibirizi au Katonga asubuhi, boti za taa zinazovua dagaa usiku zikisharudi. Chukua dagaa kumi bila kuchagua, waweke juu ya rula. Utaona wengi wako kati ya sentimita 6 na 9. Mtazame mmoja kwa karibu akiwa bado mbichi: mgongo wake unakaribia kupitisha mwanga, una rangi ya majani yaliyofifia, tumbo ni jeupe, na ubavuni kuna mstari wa fedha unaowaka ukimgeuza juani na kuzimika ukimrudisha. Hicho ndicho chakula ambacho mgebuka na sangara wanakijua. Kazi ya chambo chako ni kufanana na ule mwako wa ubavuni, unaowaka na kuzimika. Madoa na macho ya kuchorwa ni mapambo ya dukani tu.

Urefu wa dagaa uliopima ndio urefu wa chambo chako cha kwanza. Kama dagaa wa wiki hiyo ni sentimita 7, anza na kijiko (chambo cha chuma chenye umbo la kijiko) au chambo kingine cha sentimita 7 hadi 8. Kosa la kawaida ni kununua cha sentimita 14 kwa matumaini ya samaki mkubwa. Sangara mkubwa hula dagaa pia, tena kwa wingi. Chambo kikubwa kina siku zake, hasa unapowinda sangara kwenye miamba, lakini si cha kuanzia.

Ukishapata samaki wa kwanza wa kula, mpasue tumbo papo hapo. Ukikuta uduvi badala ya dagaa, punguza ukubwa wa chambo hadi sentimita 4 au 5 na upunguze kasi.

Kina: jinsi ya kukijua na kukifikia

Kama huna kifaa cha kupimia kina, tengeneza bildi. Chukua kamba nyembamba ya mita 60, funga risasi ya gramu 300 mwishoni, na weka fundo kila baada ya mita 2. Kila mita 10 funga kitambaa cha rangi tofauti. Shusha bildi mara tano au sita unapofika, ukitembea kutoka ufukweni kwenda nje, na andika. Ndani ya dakika ishirini utakuwa umeujua ukingo, yaani pale ambapo mita 8 zinageuka ghafla kuwa 25. Samaki wala nyama hukaa kwenye huo ukingo.

Sasa pima chambo. Kila kinachozama kina mwendo wake wa kushuka, na lazima uujue kwa namba. Nenda mahali penye mita 6, kiachie chambo kizame, hesabu moja, mbili, tatu kwa mwendo ule ule hadi nailoni ilegee. Kama ulifika 10, chambo hicho hushuka sentimita 60 kwa kila hesabu. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuko chake. Ukitaka kukipitisha mita 9, utahesabu 15 kabla ya kuanza kuvuta. Bila namba hii unabahatisha, na siku nyingine utaishia kwenye mwamba.

Chambo kinachoelea chenye ulimi wa plastiki mdomoni hakizami, huzamishwa na kuvutwa. Utazame ulimi. Mfupi uliosimama wima hukishusha mita moja hadi mbili. Mrefu uliolala karibu sambamba na mwili hukipeleka mita 4 hadi 6, na vichache zaidi ya hapo. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti hupimwa kwa uzi mwembamba. Ukitumia nailoni ya milimita 0.60, toa karibu theluthi moja, kwa sababu unene wa nailoni unakivutia juu.

Chambo gani kwa samaki gani

Kuhe. Huyu ndiye samaki wa kuanza naye kwa mtu anayerusha kutoka ufukweni au kwenye mtumbwi mdogo. Anakaa karibu na pwani, pale mwamba unapokutana na mchanga, mita 3 hadi 15. Miamba ya Bangwe na pwani inayofuata kuelekea Katonga ina sehemu nyingi za namna hiyo. Kwa kuhe beba:

– kijiko cha gramu 15 hadi 25, urefu sentimita 6 hadi 8;
– chambo chenye ulimi, sentimita 8 hadi 11, kinachozama mita 2 hadi 4;
– samaki wa mpira wa sentimita 8 hadi 10 kwenye ndoano yenye kichwa cha risasi cha gramu 10 hadi 20.

Tukilazimika kuchagua kimoja tu, tungechagua samaki wa mpira. Unaweza kumtembeza taratibu sana juu ya mchanga, ukimwinua nusu mita na kumwachia ashuke, na kuhe mara nyingi humkamata akiwa anashuka. Kijiko kinadai kasi ili kicheze, kwa hiyo kinapita haraka juu ya samaki aliyelala. Ila kijiko hufika mbali zaidi upepo ukiwa usoni.

Jambo moja kuhusu kuhe tunaomba lizingatiwe. Ukiona wingu la vifaranga karibu na chini na samaki wakubwa wawili wakizunguka, hao ni baba na mama wanalinda. Watakipiga chambo chochote kwa hasira, kwa hiyo kuwapata ni rahisi mno. Ukiwatoa, vifaranga wote wanaliwa ndani ya muda mfupi. Sogea mita mia moja, utafute wengine.

Mgebuka. Huyu ni wa maji ya wazi na hutembea kwa makundi. Mchana yuko chini, usiku hupanda akifuata dagaa. Kumrushia kijiko kutoka ufukweni ni kupoteza muda, ila asubuhi sana anapofukuza dagaa hadi juu na unaona maji yanachemka. Hapo kijiko chembamba cha gramu 20, kivutwe haraka.

Siku za kawaida anavuliwa kwa mshipi wa ndoano nyingi. Vipimo vinavyofanya kazi ni hivi: nailoni kuu ya milimita 0.50, ndoano tano hadi nane, kila moja kwenye tawi la sentimita 15, na nafasi ya sentimita 45 kati ya tawi na tawi. Tawi likiwa refu kuliko theluthi ya nafasi hiyo, matawi yatajisuka. Kwenye kila ndoano funga unyoya mweupe wa kuku wa sentimita 4 pamoja na nyuzi mbili tatu za kung'aa. Mwishoni chubwi, yaani uzito wa kuzamishia, ya gramu 150 hadi 250. Badala ya chubwi tupu unaweza kufunga jigi (chambo kizito cha risasi kinachoinuliwa na kushushwa) ndefu ya gramu 150 iliyosuguliwa ikang'aa: nayo itakuwa inaita samaki. Shusha hadi mita 40, inua mkono kwa nguvu mita moja, shusha taratibu, panda mita 5, rudia. Ukigongwa kwenye kina fulani, weka alama kwenye nailoni kwa uzi mwekundu. Kundi zima liko hapo.

Sangara. Wapo wa aina zaidi ya moja ziwani humu, na wanaofikia ukubwa wa kutisha hukaa kwenye miamba inayoanguka ghafla, mita 15 hadi 60. Zana zake ni jigi ya gramu 60 hadi 120, samaki wa mpira wa sentimita 12 hadi 15 kwenye risasi ya gramu 40 au zaidi, na kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo, chambo chenye ulimi mrefu cha sentimita 12 hadi 16. Uzito wa jigi unaamuliwa na mkondo: kama nailoni inaingia majini kwa mshazari badala ya kusimama, jigi ni nyepesi, ongeza gramu 20.

Sangara wadogo hujificha kwenye majani ya majini karibu na pwani. Ukipita hapo na kijiko kidogo utawapata mfululizo, wa urefu wa kiganja. Ondoka. Kwa upande mwingine, sangara aliyetolewa mita 40 hupanda na kibofu cha hewa kimevimba na hawezi kurudi chini mwenyewe. Kwa hiyo kama unavua ili uachie, usivue huko chini, na ukishapata wa kukutosha nyumbani, acha jigi.

Kurambaza

Kurambaza ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kutafuta samaki mahali usipopajua. Kasi iwe kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Simu yenye ramani itakuonyesha. Mtumbwi wa makasia unaifikia kwa shida, na hiyo si hasara kwa kuhe. Mashine ya boti ikizidi hapo hata kwa mwendo wa chini kabisa, funga ndoo mbili nyuma zikokotwe kama breki.

Kabla ya kuachia, ning'iniza chambo ubavuni mwa chombo kikitembea na ukitazame. Kinapaswa kutikisika kushoto na kulia bila kupinduka. Kisipotikisika vizuri hapa, kule mita 30 nyuma hakitajirekebisha. Achia mita 25 hadi 40, fuata ukingo ulioupima kwa bildi, na pita kwa kupinda kama nyoka. Kwenye kona kijiko au chambo kingine kinachozama kikiwa upande wa ndani hupunguza kasi na kushuka, cha nje huongeza kasi na kupanda; chenye ulimi kinachoelea hufanya kinyume chake. Angalia samaki kapiga upande gani wa kona, nawe utajua kama wanataka taratibu au haraka. Kushusha chambo zaidi bila kununua kingine, weka chubwi ya gramu 100 mita 2 mbele yake.

Rangi, kwa ufupi

Maji hunyonya rangi nyekundu kwanza. Mita chache tu chini, wekundu unakuwa weusi. Bluu ndiyo inayosafiri mbali. Kwa hiyo nunua rangi tatu, basi: fedha kwa jua na maji meupe, nyeupe yenye mgongo wa bluu kwa mawingu na kwa kina, na nyeusi au kahawia iliyoiva kwa alfajiri na magharibi, wakati samaki anakitazama chambo kutoka chini na anachokiona ni kivuli dhidi ya anga. Ukivua karibu na midomo ya Luiche au Malagarasi, kwenye maji yenye tope, ongeza ya dhahabu au machungwa, pamoja na chambo cha jani linalozunguka, maana huko samaki husikia mtikisiko kabla ya kuona. Na huko kuna mamba na viboko, kwa hiyo usiingie majini hata kwa magoti ili kunasua chambo.

Kijiko cha kutengeneza mwenyewe

Chambo cha dukani ni ghali na miamba ya Kigoma haina huruma. Kijiko cha mezani cha chuma kisichoshika kutu kinatoa chambo kizuri kabisa.

1. Kata mpini kwa msumeno wa chuma pale shingo inapoanza. Sugua kingo zote kwa tupa, kisha kwa msasa, mpaka kidole kikipita kisikwaruze. Kingo kali hukata nailoni.

2. Weka alama ya tundu sentimita nusu kutoka kila ncha, katikati kabisa. Gonga kwa msumari ili keekee isiteleze. Tundu likienda pembeni hata milimita mbili, kijiko kitalalia upande mmoja.

3. Toboa kwa keekee ya milimita 3, mzunguko wa polepole, ukikandamiza kwa nguvu, na matone ya mafuta. Hapa ndipo wengi wanaharibu: keekee ikizunguka kwa kasi bila kukandamizwa, chuma hiki hupata joto na kuwa kigumu zaidi, na keekee inaungua bila tundu kupatikana.

4. Ng'arisha kwa majivu laini na kitambaa chenye maji. Usipake rangi upande wa nje. Upande wa ndani unaweza kuupaka nyeupe, ili kijiko kikigeuka kiwake na kuzimika.

5. Weka pete ya chuma, kama ile ya funguo ila ndogo na imara, kwenye kila tundu. Upande mwembamba unafungwa nailoni, upande mpana ndoano. Pete za funguo zenyewe zisitumike, zinanyooka samaki akivuta.

6. Jaribu majini. Kikizunguka kama feni, kina bonde kubwa mno: kiweke juu ya ubao na ukipige kidogo kwa nyundo kifunguke. Kikivutwa kama ubao bila kutikisika, kizidishie mkunjo karibu na ncha ya nyuma.

7. Pima uzito kwenye mizani ya duka la dhahabu au ya jikoni. Kikiwa chini ya gramu 15, gandisha kipande cha risasi cha gramu 8 hadi 10 kwenye bonde kwa gundi ya epoksi, karibu na upande wa ndoano. Kitarushwa mbali na kuzama haraka.

Ukiyeyusha risasi kwa ajili ya jigi, fanya nje penye upepo, sufuria hiyo isirudi jikoni tena, na kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka hulipuka usoni.

Ndoano, nailoni na fundo

Vyambo vingi huja na ndoano mbili za ncha tatu. Kwenye miamba ya kwetu ni bora kuziondoa na kuweka ndoano moja ya ncha moja, nyuma tu, namba 1/0 kwa kijiko cha gramu 20, 3/0 kwa jigi ya gramu 80. Utapoteza vyambo vichache zaidi, na samaki wa kuachia hataumia vibaya. Chambo chenye ulimi kikipoteza ndoano ya tumboni kinaweza kuyumba, kwa hiyo kijaribu tena ubavuni mwa chombo. Ukali wa ndoano upime kwa ukucha: iburute kwa wepesi juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo kuelekea kwenye ncha.

Kwa fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4 inayobeba gramu 10 hadi 40, uzi wa kusuka wa milimita 0.20 unatosha, lakini usiufunge moja kwa moja kwenye chambo. Weka mbele mita moja na nusu ya nailoni ya milimita 0.50. Inavumilia kusuguliwa na mawe, na haionekani sana kwenye maji meupe. Kwa sangara iwe 0.70, maana mdomo wake ni kama msasa na mfuniko wa shavu lake unakata. Waya wa chuma hauhitajiki kwa samaki hawa watatu. Unaua mchezo wa chambo bure.

Fundo la chambo: kunja nailoni sentimita 15 iwe mbili, pitisha mkunjo kwenye pete, funga fundo moja la kawaida bila kukaza, pitisha chambo chote ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha kwa mate, kaza kwa kuvuta nyuzi zote mbili. Usipolowesha, nailoni hujichoma kwa msuguano na kukatika hapo hapo kwenye fundo. Nailoni ikirudi na mkia uliojikunja kama nywele, fundo lilifunguka, halikukazwa. Mkia ukiwa umekatika mkavu na mnyoofu ni mkato wa mwamba au wa shavu la samaki, hivyo ongeza unene.

Asubuhi ya kwanza

Kigoma jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi mwezi Agosti, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo mgeni anayefika ziwani saa 11 alfajiri atasubiri gizani. Kuwa mahali pako saa 12 na robo. Anza na chambo cheusi cha juu juu, mita 1 hadi 2, kwa nusu saa. Mwanga ukifika, badilisha uende kijiko cha fedha mita 4 hadi 8. Saa 3 asubuhi jua likishapanda, nenda kwenye ukingo, samaki wa mpira au jigi, mita 15 na kuendelea. Kila chambo kipe mirusho kumi na tano kwa kina kimoja, kisha badilisha kina. Ukishamaliza vina vitatu bila kuguswa ndipo ubadilishe chambo. Siku chache za mbalamwezi, boti za taa zinapopumzika na dagaa hawakusanywi mahali pamoja, usitegemee asubuhi: jaribu jioni kuanzia saa 11. Upepo wa kusi ukianza kutia povu jeupe kwenye mawimbi, rudi, na boya la kujiokolea liwe mwilini, si chini ya kiti.

Yanayoharibika, na sababu yake

Samaki wanafuata chambo hadi miguuni na kugeuka. Kwenye maji meupe ni jambo la kila siku. Simamisha kuvuta kwa sekunde mbili, kisha ongeza kasi ghafla. Wakiendelea kugeuka, shuka saizi moja, au punguza nailoni ya mbele hadi 0.40.

Uzi unajisokota na kutoa vitanzi kwenye rili. Kijiko kinazunguka badala ya kutikisika, au swiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka kati ya uzi na chambo) imeshika kutu. Badilisha swiveli, kisha toa chambo na uache uzi mtupu ukokotwe nyuma ya chombo dakika tano. Utajifungua wenyewe.

Chambo chenye ulimi kinakwenda kwa kulalia upande. Kijicho cha kufungia kimepinda. Kikilalia kulia, kipinde kijicho kushoto kwa plaizi, unene wa ukucha tu, kisha jaribu.

Kinanasa chini kila mrusho. Umehesabu kupita kiasi, au unavuta polepole kuliko chambo kinavyotaka. Punguza hesabu mbili. Kikishanasa usivute kwa fimbo iliyopinda: legeza uzi, zunguka hadi upande wa pili wa mwamba, vuta kutoka huko. Mara nyingi kinatoka.

Samaki anagonga, anatoka. Ndoano butu ndiyo ya kwanza kushuku. Ya pili ni breki ya rili iliyokazwa mno: uzi unapaswa kutoka ukivutwa kwa mkono kwa nguvu ya kuinua karibu kilo 2.

Samaki wa mpira wanararuka mkia. Wakatwe kichwa sentimita moja na uwachome tena kwenye risasi, wanafaa. Usiwahifadhi wa rangi tofauti kifuko kimoja wala kuwaacha juani kwenye mtumbwi, huyeyukiana na kuharibu hata sanduku la plastiki.

Ndoano ikizama mkononi mwa mtu hadi kile kijino cha nyuma ya ncha kimepotea ndani ya nyama, usiivute. Kata nailoni, funga chambo kisitikisike, na muende kituo cha afya. Jioni suuza vyambo kwa maji safi, vikaushe kivulini kwa kitambaa, na ndoano zenye doa la kutu zitenge na nzima, kwa sababu kutu huhamia kwenye zilizo jirani ndani ya sanduku lililofungwa.